Mlipeni Fundi Afundishe: Ushauri kwa Wanaotaka Kuokoa Majengo ya Kale ya Pwani

Jengo la kale linapoangusha kipande cha ukuta Unguja, Lamu au Mombasa, swali la kwanza kuulizwa huwa fedha za kulitengeneza zitatoka wapi. Swali ambalo lingepaswa kulitangulia huulizwa na wachache: nani atalitengeneza? Fedha za mawe na mbao hutafutwa serikalini, kwa mabalozi na kwa mashirika ya urithi, na mara nyingine hupatikana. Fedha za kumfundisha kijana namna ya kuzima chokaa, kubadilisha boriti iliyooza na kuusoma ukuta uliopinda hazimo katika hesabu, au zimo kama nyongeza inayofutwa siku bajeti inapobana. Makala haya yanawalenga wenye uwezo wa kubadili hali hiyo: wamiliki wa majumba na hoteli, wakuu wa vyuo, maofisa wa mambo ya kale, wadhamini wa wakf, wafadhili wa nje, na wenyeji wa pwani walio ughaibuni wanaotaka kuchangia kwao. Ushauri wenyewe ni huu: gharama za mafunzo kwa vitendo ziwekwe ndani ya bajeti ya kila ukarabati mkubwa, na zimlipe fundi anayefundisha kama zinavyomlipa mwanafunzi anayejifunza. Mafunzo yanayofadhiliwa kando, kwa msimu mmoja na kwa hisani, hayajatosha na hayatatosha.

Tuanze na jengo lenyewe. Nyumba ya kale ya pwani imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi vya Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu unakosa njia, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya muda lipu inabanduka pamoja na vipande vya jiwe, kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko tumbawe. Ncha za boriti zilizofungiwa ndani ya ukuta wenye maji huoza bila kuonekana mpaka dari ianze kubonyea. Na fundi anayeondoa dari ya boriti akaweka zege huongeza uzito ambao ukuta haukujengwa kuubeba. Makosa haya hufanywa hata na mafundi hodari, kwa sababu walichofunzwa ni nyumba za tofali na nondo.

Darasani mwanafunzi anaweza kuelezwa yote hayo kwa saa mbili na akafaulu mtihani. Lakini kujua kwamba chokaa imeiva ni jambo la mkono na jicho. Kugonga ukuta na kusikia mahali lipu ilipoachana na jiwe ni jambo la sikio. Kiasi cha maji ya kunyunyizia ukuta kabla ya kupaka tabaka jipya, unene wa tabaka lenyewe, siku za kungoja kabla ya tabaka la pili, namna ya kutegemeza dari kabla ya kuchomoa boriti moja: haya hujifunzwa kwa kuyarudia mara nyingi mbele ya mtu anayeyajua, naye akakusahihisha papo hapo. Chuo kinaweza kumpa mwanafunzi michoro, kemia ya chokaa na historia ya mji. Sehemu iliyobaki iko juu ya jukwaa la ujenzi, na kuipata kuna gharama ambayo lazima mtu ailipe.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika ukubwa wa kazi iliyopo. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una majengo zaidi ya 1,700. Lamu iliingizwa mwaka 2001 na Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 2011. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoorodheshwa mapema zaidi, mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa mwaka 2014 baada ya miaka ya kuimarisha kuta. Lakini kuta za magofu yaliyo kando ya bahari hazimaliziki kuimarishwa. Kila masika huja na nyufa zake, na asiye na mafundi wa kudumu atarudi kuomba mradi mwingine.

Beit el Ajaib ya Unguja ni onyo ambalo halipaswi kusahauliwa. Jengo hilo la mwaka 1883, lililojengwa na Sultani Barghash, lilianguka sehemu mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 likaporomoka sehemu kubwa zaidi likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafariki dunia. Itakuwa dhuluma kuibebesha ajali ile sababu moja, na makala haya hayafanyi hivyo. Fundisho lake ni jingine: kuwepo kwa mradi na fedha hakutoshi kulifanya jengo la kale kuwa salama. Ukarabati wenyewe ni kipindi cha hatari kubwa, kwa kuwa mizigo inahamishwa na viungo vinafunguliwa, na hapo ndipo wanapohitajika watu wengi wenye macho yaliyozoea majengo ya aina hiyo.

Upande wa matumaini nao una ushahidi. Zahanati ya kale ya Unguja, iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwishoni mwa karne ya 19, ilikarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan katika miaka ya 1990, na mafundi wa hapo hapo walifunzwa kazini huku jengo likiendelea kutengenezwa. Kazi ya nakshi za mbao na ya chokaa ikawa darasa. Katika ngazi ya bara zima, mpango ulioitwa Africa 2009, ulioendeshwa tangu 1998 hadi 2009 na taasisi za kimataifa za uhifadhi, ulifundisha wataalamu wa urithi wa Afrika kusini mwa Sahara, na kozi zake za kikanda zilifanyika Mombasa na Porto-Novo. Mipango yote miwili ilifaa. Lakini tazama sura zake: mmoja ulifungamana na jengo moja, mwingine ulikuwa na mwaka wa mwisho katika jina lake. Hakuna uliokusudiwa kuwa utaratibu wa kudumu wa kumpeleka mwanafunzi wa kila mwaka kwa fundi wa kila mwaka. Utaratibu huo ndio uliokosekana, na mfadhili wa nje hawezi kutujengea kwa niaba yetu.

Kwa nini mwanafunzi na fundi hawakutani wenyewe? Jibu liko mfukoni mwa kila mmoja wao. Fundi mkuu hulipwa kwa siku au kwa kazi. Akisimama nusu saa kueleza kwa nini kona ile haijazwi kwa saruji, nusu saa hiyo imepotea. Kijana akiharibu lipu, kuirudia ni hasara ya fundi. Tena anajua kwamba huyo anayemfundisha leo anaweza kuwa mshindani wake kesho. Mwanafunzi naye ana nauli, chakula na kodi ya chumba, na miezi mitatu bila kipato ni miezi ya kukopa. Matokeo yake, wanaoweza kufanya mafunzo ya bure ni wale wenye ndugu mjini au wazazi wenye nafasi, na wengine hupeleka barua zao za mafunzo kwenye ofisi yoyote iliyo karibu na nyumbani, wakamaliza muda wao wakitoa nakala za karatasi. Mkono mtupu haulambwi. Anayetaka ufundi urithishwe aanze kwa kuuliza kila upande unapoteza nini, kisha alipe hasara hiyo.

Mkandarasi pia ana hesabu yake. Akiwafunza vijana watatu kwa gharama zake, hana hakika kwamba watabaki kwake. Mwenzake ambaye hakutumia hata shilingi anaweza kuwachukua kwa kuwaongezea kidogo. Kwa hiyo kila mkandarasi husubiri mwingine afundishe, na hafundishi hata mmoja. Uzalendo wa hotuba hautibu ugonjwa huu. Dawa yake ni sharti linalowahusu wote kwa usawa: kila mradi wa ukarabati unaopita kiwango fulani cha gharama uwe na kifungu cha mafunzo kilichoandikwa katika zabuni, katika mchanganuo wa gharama na katika mkataba. Hapo hakuna mkandarasi atakayeshindwa zabuni kwa sababu aliwajali wanafunzi.

Kiwango gani? Napendekeza asilimia 5 kwa kuanzia, na hesabu ya mfano itaonyesha kwa nini. Tuseme ukarabati wa nyumba umekadiriwa shilingi milioni 200 za Tanzania. Asilimia 5 ni milioni 10. Wanafunzi watatu wakikaa miezi minne, siku 22 kila mwezi, kwa posho ya shilingi 10,000 kwa siku, watatumia milioni 2.64. Mafundi wawili wakipewa nyongeza ya shilingi 300,000 kila mmoja kwa mwezi kwa ajili ya kufundisha, ni milioni 2.4. Kila mwanafunzi akinunuliwa mwiko, timazi, pima maji, nyundo na patasi za shilingi 250,000, na viatu, kofia, miwani na glavu za shilingi 150,000, ni milioni 1.2. Weka milioni 1.5 kwa chokaa, mchanga na mbao za kujifunzia, ili makosa ya mwanzo yafanyike kwenye ukuta wa mazoezi. Weka 800,000 kwa safari za mwalimu wa chuo na mtahini. Jumla ni milioni 8.54. Zinazobaki zitoshe kwa bima, kwa picha na michoro ya kumbukumbu, na kwa dharura. Bei zitatofautiana kati ya mji na mji, lakini ukubwa wa jambo ni huo: mafundi watatu chipukizi kwa fedha ambazo miradi mingi huzitumia kwenye mabango, fulana na ukumbi wa uzinduzi.

Kipengele cha nyongeza ya fundi ndicho kitakachopigwa vita, kwa hiyo kitetewe kwanza. Wafadhili wamezoea kumhesabu mwanafunzi kuwa mnufaika na fundi kuwa mfanyakazi aliyekwisha kulipwa. Lakini fundi anayefundisha anafanya kazi mbili, na ya pili ndiyo adimu. Nusu ya nyongeza yake ilipwe kila mwezi, na nusu ilipwe mwishoni, baada ya mwanafunzi kuonyesha mbele ya mtahini kazi tatu au nne zilizokubaliwa tangu mwanzo. Pamoja na fedha, apewe hadhi. Mafundi wengi wazuri wa chokaa na nakshi hawana cheti chochote. Tanzania Bara ina utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na Zanzibar ina Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Fundi mwenye cheti cha kufundisha hana sababu ya kuificha elimu yake, kwa sababu elimu hiyo sasa inamlipa mara ya pili.

Muda nao ni fedha, na hapa vyuo vina la kurekebisha. Mafunzo ya wiki chache hayaendani na chokaa. Chokaa iliyozimwa huachwa ndani ya maji kwa wiki nyingi kabla ya kufaa kwa lipu nzuri, na tabaka zake hukauka taratibu. Mwanafunzi wa wiki sita ataona mwanzo bila mwisho, au mwisho bila mwanzo. Mfadhili aliye na fedha za wanafunzi kumi kwa mwezi mmoja atafanya vyema zaidi kuwalipia watatu kwa miezi mitatu. Ratiba ifuate majira pia. Kipindi cha masika ni cha kupima jengo, kuchora, kufuata njia za maji na kutengeneza milango na madirisha ndani ya karakana. Kiangazi ndicho cha lipu na paa. Chuo kinachowatoa wanafunzi wake wote mwezi mmoja ule ule kwa sababu kalenda imesema hivyo hakijalifikiria jengo.

Baada ya miradi mikubwa, tazameni vyanzo vingine vilivyopo tayari. Nchini Kenya waajiri huchangia shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwenye mfuko wa mafunzo ya viwandani unaosimamiwa na mamlaka ya mafunzo hayo, NITA, na Tanzania Bara waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hutozwa tozo ya kuendeleza ujuzi. Hoteli nyingi zilizomo ndani ya nyumba za kale zinauza uzuri wa nyumba hizo kila usiku. Zina haki ya kudai kwamba ufundi wa kuzitunza utambuliwe miongoni mwa stadi zinazofadhiliwa. Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania, Bodi ya Mikopo hugharimia mafunzo kwa vitendo kwa wenye sifa, lakini hiyo ni mikopo, na haimgusi fundi. Mradi wa urithi ujazie pale mkopo unapoishia.

Chanzo kilicho karibu zaidi na desturi yetu ni wakf. Kwa karne nyingi watu wa pwani wameweka nyumba wakf ili kodi yake itunze msikiti, kisima au jamaa wasiojiweza. Hakuna kinachomzuia mwenye nacho kuweka wakf chumba cha duka au ghorofa moja, hati ikaeleza kwamba mapato yake yawalipie wanafunzi na mafundi wanaozitunza nyumba za wakf zenyewe. Fedha hizo haziishi mradi unapofungwa, na haziombwi upya kila mwaka. Wenyeji walioko Uarabuni, Ulaya na Marekani, ambao mara nyingi hutuma michango ya dharura baada ya jengo kuanguka, wangepata hapa njia ya kuchangia kabla halijaanguka.

Wapo watakaosema kwamba jengo la urithi si mahali pa kujifunzia, kwa kuwa mwanafunzi ataliharibu. Hofu hii ina haki yake, na jibu lake ni mpangilio. Mwezi wa kwanza ni wa ukuta wa mazoezi, kupima na kuandaa vifaa. Wa pili ni wa lipu za ndani na sehemu zinazoweza kurudiwa. Kazi za kutegemeza dari na kubadilisha boriti mwanafunzi ashiriki akiwa msaidizi, wala asiachiwe peke yake. Fundi mmoja asipewe zaidi ya wanafunzi wawili. Hatari ya mwanafunzi anayesimamiwa ni ndogo kuliko hatari iliyopo sasa, ya fundi ambaye hakuwahi kufunzwa akikabidhiwa jengo zima na mfuko wa saruji.

Wengine watasema mwenye nyumba maskini hawezi kubebeshwa asilimia 5. Kweli, na asibebeshwe. Kifungu hiki kiwahusu serikali, hoteli, makampuni na wafadhili. Kwa familia inayoziba paa linalovuja, mambo yageuzwe: mfuko wa pamoja umlipe fundi na wanafunzi waende kuitengenezea, nyumba ipate dari salama na wao wapate darasa. Ni njia pia ya kuwafanya wakazi wauone uhifadhi kuwa neema, maana wengi wanaujua kama ofisi ya kuwakataza.

Kuna hoja kwamba zamani mwanagenzi alijifunza bure, akaishi kwa fundi na kumtumikia miaka. Ni kweli, lakini fundi yule alimlisha na kumlaza, na mara nyingi alikuwa baba yake au mjomba wake. Gharama ilikuwepo, ilibebwa na familia. Hata nchi tajiri hazikuliachia soko jambo hili. Nchini Ujerumani, tangu 1999, wakfu wa kuhifadhi majengo ya kale umekuwa ukiwapeleka vijana kwa mwaka mzima kwenye karakana na majengo ya kihistoria, wakipata posho na bima. Nchini Uingereza, chama cha kulinda majengo ya kale kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877 kimekuwa kikiwafadhili wataalamu vijana kuzunguka kwenye majengo yanayokarabatiwa tangu 1930, na baadaye kikaanzisha ufadhili kama huo kwa mafundi wa mikono. Kama huko, penye wateja wengi wenye fedha, mafunzo haya yanahitaji mfuko, sisi tunaoyaacha kwa bahati tunategemea nini?

Hoja nzito kuliko zote ni ya ajira: tukiwafunza, watafanya kazi wapi? Hapa mfadhili awe mkweli na asijaze mahudhurio ili ripoti ipendeze. Idadi ya wanafunzi ifuate idadi ya majengo yaliyopangwa kutengenezwa, na mkataba umpe aliyefaulu nafasi ya kwanza katika awamu inayofuata. Mamlaka za mji zinazotoa vibali vya ukarabati zinaweza kutaka kila kazi ya chokaa isimamiwe na fundi mwenye cheti cha fani hiyo. Sharti hilo peke yake litazaa soko. Na aliyejifunza kupima, kupiga lipu kwa usafi na kuunganisha mbao bila misumari hafi njaa hata akijenga nyumba mpya.

Kwa mtu au taasisi inayotaka kuanza mwaka huu, hatua ni chache. Chagua jengo ambalo fedha za kulitengeneza zimekwisha kupatikana, kwa sababu mafunzo hayawezi kungoja ukarabati usiojulikana siku yake. Mtafute fundi kabla ya kuwatafuta wanafunzi, na mkubaliane kwa maandishi stadi atakazofundisha. Lipa posho kwa simu moja kwa moja kwa mwanafunzi kila baada ya wiki mbili, zisipite mikono mingi. Hakikisha bima na vyoo, na nafasi salama ya kulala kwa wasichana wanaotoka mbali, la sivyo nusu ya wenye vipaji watabaki nje. Dai daftari la kazi lenye picha za kabla na baada. Mwaka mmoja baadaye rudi uitazame lipu ile imesimamaje, na uulize wale vijana wako wapi. Mwenye shilingi milioni moja tu anaweza kumlipia mwanafunzi mmoja vifaa na posho ya miezi kadhaa ndani ya mradi wa mwingine. Hiyo inafaa kuliko semina ya siku mbili hotelini.

Mafundi wanaoijua chokaa na boriti hawasubiri bajeti zetu, wanazeeka. Kwa hiyo, wewe unayekaribia kutia saini mkataba wa kukarabati jengo la kale, simama kwanza kwenye ukurasa wa mchanganuo wa gharama. Kama hauna mstari wa mafunzo na mstari wa fundi anayefundisha, urudishe ukaandikwe upya.